Nauza Saruji, na Nataka Tuchimbe Shimo la Chokaa

Jumamosi iliyopita, baada ya sala ya alasiri, tawi letu la jumuiya ya urithi lilikutana kwenye barza ya nyumba moja hapa Kiponda, Mji Mkongwe wa Unguja, pale tunapokutana kila mwezi. Ajenda ilikuwa moja tu: vibao. Kwa miaka miwili tumekuwa tukichanga shilingi 2,000 kwa mwezi kila mwanachama, na pamoja na sadaka na mauzo ya vitumbua vya Bi Mkubwa tumefikisha shilingi 1,850,000. Mimi ndiye mshika fedha, kwa hiyo hesabu hiyo naijua vizuri. Mpango ulikuwa kuagiza vibao 12 vya kubandika kwenye nyumba 12 za mtaa wetu, kila kimoja kina jina la nyumba, mwaka wake na jina la tajiri aliyeijenga. Fundi wa vibao alishaleta sampuli. Nzuri, sitasema uongo.

Nikanyoosha mkono. Nikasema naomba fedha hizi tusizitie kwenye vibao. Tuchimbe shimo la kulazia chokaa, ile ya kupigia lipu kuta zetu, tununue mawe yaliyochomwa, na tumlipe fundi awafunze vijana wanne.

Watu wakanyamaza. Kisha ami mmoja, mtu mzima ninayemheshimu sana, akanigeukia akasema kwa upole: "Mwanangu, wewe ndiye wa kutwambia hayo? Si wewe unayeuza saruji?"

Nilishindwa kumjibu. Hakunikasirisha, wallahi; maneno tu yalinikwama kooni. Mwenyekiti akaona bora tuahirishe, tukanywa kahawa, kila mtu akenda zake. Tangu siku hiyo silali vizuri, nikiyapanga maneno niliyopaswa kumwambia pale pale. Nayaandika hapa, naye najua wajukuu zake watamsomea.

Ndiyo, ami. Nauza saruji. Duka langu lipo nje kidogo ya Darajani na huu ni mwaka wa 19. Saruji ndiyo iliyowasomesha wanangu skuli, ndiyo iliyonijengea nyumba Fuoni. Siionei haya. Nyumba ya matofali inataka saruji, na anayejenga Fuoni au Mwanakwerekwe nitamuuzia leo na kesho kwa moyo mweupe. Nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe ni jambo jengine kabisa, na mimi nilikuja kulijua nyumbani kwa shangazi yangu.

Shangazi, dada yake baba, alikaa kwenye nyumba ya ghorofa mbili hapa hapa Kiponda. Ni nyumba ya familia, babu aliipata kabla mimi sijazaliwa. Kuta zake nene, dhiraa moja na zaidi. Vyumba virefu na vyembamba, kama vya nyumba zote za mji huu, kwa sababu waliojenga hapa chumba walikipimia mti: boriti ya mkoko inakupa upana wa mita mbili na nusu, ukibahatika tatu, na hapo ndipo chumba kinapokoma. Urefu nenda utakako. Mbele mlango wa nakshi wenye mfaa mnene katikati, na nyuma ua mdogo wenye kisima na jiko.

Mwaka 2011, baada ya masika, lipu ya chini ilikuwa imepukutika mpaka mawe yanaonekana. Shangazi akanipigia simu. Mimi nina duka, nina uwezo, nampenda. Nikampelekea mifuko 40 ya saruji, mchanga, na mafundi wawili. Wakabandua lipu yote ya zamani ya ghorofa ya chini, wakapiga mpya, ngumu, nyororo, ukiigonga kwa kidole inalia. Nilisimama mlangoni nikajiona mtu. Shangazi alinishika kichwa akaniombea dua ndefu, mpaka leo naikumbuka.

Mwaka wa pili unyevu ukatokea ghorofa ya kwanza, ambako haukupata kufika. Rangi ikafura malengelenge. Tukasema ni bomba, tukabadilisha mabomba. Mwaka wa nne, upande wa jiko, ukuta ukatoa tumbo. Mafundi wakasema iongezwe saruji. Nikaiongeza, na sikumtoza shangazi hata shilingi. Usiku mmoja wa masika ya 2017 ukuta ule ukashuka chini wote, na sakafu ya chumba kilichokuwa juu yake ikaufuata. Shangazi alikuwa kalala chumba cha mbele, alhamdulillahi. Alfajiri nilimkuta kakaa barzani, kajifunika kanga mbili, kashika bunda la funguo mkononi, anauliza paka wake yuko wapi.

Nakumbuka kila kitu cha asubuhi ile. Nakumbuka harufu hasa, harufu ya udongo uliofungiwa muda mrefu.

Watu wa mtaa walikuja kusaidia kuondoa kifusi, na miongoni mwao mzee mmoja, fundi wa mawe, ambaye nilikuwa nikimpita kila siku bila ya kujua kazi yake. Shikamoo, marahaba, basi. Hakunilaumu. Aliinama akaokota kipande cha lipu yangu. Kilitoka kizima, kipana kama sinia, na mgongoni kimebeba udongo mbichi. Akatia kidole kwenye udongo ule, akauramba. "Chumvi," akasema. Kisha akanionesha boriti zilizoanguka. Sehemu iliyokuwa chumbani ilikuwa ngumu kama chuma. Ncha iliyokuwa imezama ukutani ilikuwa laini, ukiibonyeza kidole kinaingia kama kwenye mkate uliochovywa chai.

Akanikalisha juu ya jiwe akanieleza, na nitaeleza kama alivyonieleza, maana sijapata kusikia maelezo bora kuliko yale. Ukuta wa Mji Mkongwe si jiwe moja. Ni matumbawe, vipande vikubwa na vidogo, vilivyopangwa kwa udongo mwekundu na chokaa. Mji umekaa kwenye rasi, bahari imetuzunguka huku na huku, na hata hapo Darajani zamani palikuwa na maji na daraja lenyewe. Kwa hiyo maji yapo chini daima, na ukuta unayanyonya, na chumvi ndani yake. Hilo halizuiliki na wazee hawakujaribu kulizuia. Waliacha maji yapande kidogo kisha yatoke nje kupitia lipu ya chokaa, ambayo ina vitundu vidogo vidogo visivyoonekana kwa macho. Chumvi inaila ile lipu, lipu inapukutika, nawe baada ya miaka kadhaa unapiga nyengine. Lipu iliyopukutika ile ya shangazi ilikuwa inafanya kazi yake. Mimi nikaona ni ugonjwa.

Saruji haipitishi. Maji yakikuta njia imezibwa hayarudi chini, yanapanda kutafuta pengine pa kutokea. Yanapanda mpaka yanakuta ncha za boriti, na huko yanatulia. Udongo wa ndani unalainika, mti unaoza, na wewe nje huoni kitu kwa sababu lipu yako ni nyororo na inang'aa. Tia na tangi la maji juu ya paa, tia na vyoo vitatu kwenye ghorofa ambayo ilijengwa bila ya choo hata kimoja, maana nyumba ya familia moja sasa inakaa familia tano. Saruji si adui pekee wa nyumba hizi, na nikisema hivyo simsemei muuza saruji. Paa linalovuja na mchirizi ulioziba vimeangusha nyumba nyingi. Ila adui niliyemwingiza mimi kwa mkono wangu, na kwa mapenzi, ni huyo.

Shangazi sasa anakaa kwa binti yake Mwanakwerekwe. Nikenda kumjulia hali haniulizi habari ya ukuta. Ananiuliza: "Mlango umeuweka wapi?" Mlango uko ghalani kwangu, nyuma ya mifuko. Niliutoa na miimo yake na kizingiti chake, vipande vyote nimevitia alama. Watu wamekuja kuutaka, mmoja kutoka mbali, na bei aliyotaja ingeweza kumaliza shida nyingi. Kila baada ya miezi naupaka mafuta ya nazi.

Baada ya hapo ndipo nilipojiunga na tawi. Nilikuja kwa haya, nikakaa mwisho wa barza. Kwa wasiotujua, sisi si watu wa mambo makubwa. Daftari lina majina 23. Wanaofika ni tisa, kumi, mvua ikinyesha sita. Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu wa historia, anaandika kumbukumbu za kikao kwa mwandiko wa kiskuli, kila herufi imekaa mahala pake. Yuko Bi Mkubwa wa vitumbua. Yuko bwana mmoja wa Kihindi ambaye familia yake ina duka la vitambaa tangu enzi ya babu wa babu yake, na anahifadhi stakabadhi za zamani kwenye mkebe wa biskuti. Wako wanafunzi wawili wa chuo kikuu. Na yuko yule fundi, ambaye nilimshawishi mimi aje.

Kazi yetu kubwa kuliko zote, na haina picha ya kuweka popote, ni kusafisha michirizi. Kila mwaka kabla ya masika, mwezi wa pili mwishoni, tunapanda mapaa ya wazee wasioweza kupanda wenyewe, tunatoa majani, mifuko ya plastiki, viota, mpira wa watoto uliopotea tangu mwaka juzi. Nyumba 17 mwaka huu. Ningekuwa na uwezo wa kuwafundisha watu wote wa Mji Mkongwe jambo moja, ningewafundisha hilo. Maji yashuke kwenye mchirizi, yasishuke ukutani.

Halafu ikaja tarehe 25 Disemba 2020. Ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa dukani simu ikalia: Beit al-Ajaib, ile Nyumba ya Maajabu, imeanguka. Nikadhani ni roshani, kwa sababu kipande cha roshani kilishawahi kuanguka miaka ya nyuma. Nikenda mbio mpaka Forodhani. Sehemu kubwa ya upande wa mbele haikuwepo, na mnara wa saa haukuwepo. Jumba alilojenga Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883, jumba lililobaki limesimama baada ya mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 ilipovunja majumba jirani yake, sehemu yake imelala chini na vumbi jeupe limetanda mpaka baharini. Lilikuwa kwenye matengenezo, na mafundi wawili walipoteza maisha yao, Mungu awarehemu. Watu wazima walikuwa wanalia pale bustanini. Mwalimu wetu alikuwepo, kashika fimbo yake, hasemi.

Kikao kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko vyote nilivyohudhuria, na hapo ndipo tulipoamua kuhesabu. Mji wetu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na majengo yake yanakaribia 1,700. Sisi hatukuweza kuyahesabu yote, tukachukua mitaa yetu mitatu. Tulihesabu milango kwanza, kwa sababu milango kila mtu anaipenda. Ile ya kizingiti kilichonyooka na ile ya tao juu, yenye minyororo iliyochongwa kwenye miimo, yenye samaki, yenye majani ya mtende, yenye njumu za shaba na isiyo nazo. Wanafunzi wetu wakapiga picha. Ilikuwa kazi ya furaha, tulikaribishwa chai kila nyumba.

Tulipomaliza, fundi akasema, kama anayejisemea: "Na mafundi je, hamuwahesabu?"

Tukarudi mitaani na daftari lile lile. Tulikuwa tunauliza swali moja: nani yuhai ambaye amewahi kuchoma, kuloweka na kupiga chokaa kwa mkono wake mwenyewe, akiianza kwenye jiwe na kuimaliza ukutani? Tulipata wanne. Mmoja haoni tena. Mmoja yuko shamba na hapandi gari. Mmoja ametuacha mwezi wa nne mwaka huu, na tulikuwa tumepanga kumrekodi baada ya Ramadhani. Wa nne ni huyu wetu, na ana miaka 74.

Ndiyo maana, ami, nilinyoosha mkono. Mlango wa shangazi nikiutia mafuta utanisubiri. Fundi hasubiri.

Chokaa, kwa mwenye kuijua, ni kazi ya subira. Mawe ya matumbawe ya nchi kavu yanapangwa juu ya magogo, tanuu inachomwa, jiwe linatoka limekuwa jepesi na jeupe. Ukilimwagia maji linatokota lenyewe bila ya moto, linachemka na kurusha mvuke, na mtoto asikaribie pale. Linakuwa uji mzito. Uji ule unalazwa shimoni, unafunikwa, maji yasikauke juu yake, unaachwa. Wiki ni chache. Fundi anataka miezi, na anasema aliyemfunza alikuwa hagusi shimo mpaka mwaka upite. Ndiyo maana hakuna mwenye duka anayeihifadhi, mimi nikiwa wa kwanza. Mfuko wangu wa saruji anauchukua hamali asubuhi na jioni ukuta umekwisha. Mwenye nyumba maskini ambaye mvua inakuja wiki ijayo atachagua nini? Simlaumu. Chokaa haipo. Ingekuwepo shimoni, imeshakaa mwaka wake, hapa hapa mtaani, angekuja na ndoo yake.

Kuipiga ukutani nako kuna ilimu yake. Unapiga nyembamba, unangoja, unapiga tena. Jua lisiichome, kwa hiyo unatundika magunia yaliyoroweshwa mbele ya ukuta kama pazia. Fundi aliponionesha kwenye kipande cha ukuta wa ua, nilitumia mwiko kama nilivyowaona mafundi wangu wa saruji wakifanya, kwa nguvu. Akanishika mkono: "Taratibu. Hii usiisukume."

Sasa nifike kwa Bi Mkubwa, maana yeye ndiye aliyenitia nguvu na pengine hajui.

Mwezi uliopita sampuli ya kibao ilipoletwa ilipita mkono kwa mkono. Mwalimu akaisoma kwa sauti: nyumba ya fulani, imejengwa mwaka fulani. Bi Mkubwa alikuwa anafunga vitumbua kwenye gazeti. Akasema bila ya kuinua kichwa: "Mmemwandika mwenye nyumba. Na aliyeponda dari mtamwandika wapi?"

Hakuna aliyejibu, na yeye akaendelea kufunga vitumbua vyake. Nilimfuata nyumbani baada ya kikao, nikamuuliza amekusudia nini. Akanisimulia. Bibi yake, mama wa mama yake, alikuwa mponda dari. Zamani sakafu za juu na mapaa yalimwagwa kokoto na chokaa juu ya mawe na boriti, kisha watu wakapanga mstari, wengi wao wanawake, kila mmoja na kipande cha mti, wakaponda pamoja kwa mwendo mmoja wakiimba, siku baada ya siku, mpaka chokaa ikashikana na maji yasipenye. Bibi yake alilipwa kwa siku. Mama wa huyo bibi alifanya kazi ile ile na hakulipwa, kwa sababu alikuwa mtumwa, aliletwa kutoka bara akiwa mtoto. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali hapa Unguja mpaka amri ya 1897. Fanyeni hesabu. Beit al-Ajaib ilipojengwa mwaka 1883, mikono mingi katika mji huu ilikuwa bado ni mali ya mtu.

"Jina lake silijui," Bi Mkubwa akaniambia, "jina alilopewa na mama yake. Hapa walimpa jina jengine. Lakini bibi alikuwa akinionesha mapaa. Lile, na lile, na lile la kule. Akisema haya tumeyaponda sisi."

Nilikaa kwenye ngazi yake nikatazama juu. Mimi nimekulia chini ya mapaa hayo. Nimeyapanda kuiba maembe, nimeyapanda kuangalia mwezi wa Ramadhani unapoandama. Sikuwahi kujiuliza hata mara moja.

Vibao vyetu vitataja watu ambao tayari majina yao yamo kwenye hati na kwenye vitabu. Sivipingi vibao. Mwalimu ana hoja yake, kwamba mtoto wa skuli akipita asome, na mgeni akipita aulize, na hoja hiyo ni nzuri. Tena majina yetu ya mitaa ni hazina: Sokomuhogo, Mkunazini, Darajani, kila jina linakwambia palikuwa na nini. Vibao vitakuja, nitachangia mimi mwenyewe. Ila yule mwanamke ambaye jina lake halijulikani hana pa kuandikwa kwenye shaba. Alichoacha ni kazi ya mikono, namna ya kushika mti na kuponda, na kipande chake cha mwisho kimebaki kwa mzee wa miaka 74 anayeumwa goti. Tukimwacha huyu akaondoka nacho, kibao kitabandikwa kwenye ukuta ambao hakuna ajuaye kuupiga lipu. Kitabandikwa kwa saruji, tena saruji yangu.

Wanafunzi wetu wameniuliza maswali magumu na wana haki. Kuni zitatoka wapi, wakati miti inakwisha? Matumbawe yatatoka wapi, wakati yale ya baharini yaliyo hai hayaguswi wala hayapaswi kuguswa? Kwa mawe, jawabu liko: kifusi. Nyumba iliyoanguka ina mawe yake, na mawe ya nchi kavu shamba yapo. Kwa kuni sina jawabu la kuniridhisha. Fundi anasema amewahi kuona tanuu ikisaidiwa na vifuu na makumbi ya nazi, na tanuu moja ya mwaka kwa mtaa mmoja si sawa na kuchoma kwa biashara. Mmoja wa wanafunzi amejitolea kupima kuni ngapi zinatoka na chokaa ngapi inapatikana, aandike. Mwanzoni tutanunua iliyokwisha kuchomwa na wanavijiji wa kusini. Kuhusu kibali, matengenezo yoyote Mji Mkongwe yanataka kibali cha Mamlaka inayosimamia hifadhi ya mji, na fomu nimeshaichukua, iko mezani kwangu inangoja saini ya mwenyekiti.

Hesabu nimeifanya mara tatu. Chokaa, usafiri, magunia, mbao za kuzungushia shimo, na posho ya fundi kwa miezi sita: inafika 1,640,000. Zinabaki 210,000. Vijana wanne wameshapatikana, mmoja wao ni binti wa jirani, ana miaka 19, alikuwa anapaka rangi majumba. Fundi alimtazama anavyoshika brashi akasema huyu mkono wake unasikia.

Kilichokuwa hakijapatikana ni mahala. Barzani huwezi kuchimba. Nyuma ya duka langu kuna sakafu ya zege, niliimwaga mwenyewe. Jana usiku nikampigia shangazi. Nilimweleza yote, la vibao, la ami, la Bi Mkubwa, la shimo. Nikamwomba ule ua, pale lilipokuwa jiko. Alinyamaza kidogo nikasikia televisheni ya wajukuu nyuma yake.

"Chimbeni," akasema. "Lakini kisima changu msikikaribie. Na mlango umeuweka wapi?"

Leo asubuhi, kabla sijafungua duka, tulikwenda na fundi, yeye na goti lake na mimi na kamba. Futi sita kwa nne, kina futi tatu. Alipiga vigingi vinne, akavitazama, akageuka kukitazama kisima. Kisha akaving'oa vyote, akavipiga upya hatua saba upande wa barabarani.